Dawa iliyoanzia Shimba Hills na nafasi za utafiti tusizozifungua

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mti mmoja mdogo ambao wapita njia wengi hawakuutilia maanani ulikatwa kwa wingi katika hifadhi ya Shimba Hills, kaunti ya Kwale. Wanasayansi wanauita Maytenus buchananii. Ulikatwa, ukakaushwa, ukafungwa na kusafirishwa hadi Marekani, na uzito wake wote ulipita tani 27. Aliyeagiza ni Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ambayo tangu mwaka 1960 ilikuwa inashirikiana na Idara ya Kilimo ya nchi hiyo kutafuta mimea yenye uwezo wa kupambana na saratani, kutoka pembe zote za dunia.

Mtaalamu wa mimea ya dawa Anthony Cunningham, aliyechunguza kwa miaka mingi uvunaji wa miti ya dawa barani Afrika, amelitaja tukio hilo la Kwale kuwa onyo. Miaka minne baadaye mti ule ulihitajika tena, na wakusanyaji walipata taabu kuupata. Miti iliyokomaa ilikuwa imekwisha, na michanga haijakua vya kutosha.

Watu wa Pwani tumezoea kuisikia Shimba Hills kwa habari za ndovu na palahala, na kwa makaya ya Wadigo yaliyo jirani. Ni wachache waliowahi kuambiwa kwamba kutoka katika mti wa msitu huo, na ndugu zake wa Ethiopia, ilitoka kemikali ambayo leo imo ndani ya dawa ya saratani ya matiti inayotumika katika hospitali kubwa za dunia. Nataka kuisimulia hadithi hiyo kwa urefu, kwa sababu inajibu swali linaloulizwa kila bajeti ya elimu ya juu inapojadiliwa: chuo kikuu kina haja gani ya kumlipa mtu mshahara akae miaka na miaka anachunguza dawa ya saratani ambayo pengine haitapatikana?

Sampuli ya kwanza haikutoka Kwale. Ilitoka Ethiopia mwanzoni mwa miaka ya 1960, kutoka kwa mti wa jamii hiyohiyo ya Maytenus. Dondoo lake lilipojaribiwa lilionekana kuzuia uvimbe wa saratani. Kazi ya kulichambua ikaangukia mikononi mwa mkemia S. Morris Kupchan, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Wisconsin kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Virginia. Dondoo la mti lina mamia ya kemikali zilizochanganyika. Mkemia hulitenganisha mafungu mafungu, hulijaribu kila fungu juu ya seli za saratani, hulitupa lisilofanya kazi, hulichukua linalofanya kazi na kuligawa tena, mpaka abaki na kemikali moja iliyo safi. Mwaka 1972 Kupchan na wenzake walitangaza kwamba wameipata. Wakaiita maitansini.

Tatizo lilikuwa uchache wake. Katika mti wa Kwale, ambao ulikuwa na kiasi cha kuridhisha kuliko ule wa Ethiopia, kilo moja ya mti mkavu ilitoa kama miligramu moja na nusu. Kwa hesabu hiyo tani nzima haitoi hata gramu mbili. Ndiyo maana walivuna tani 27.

Kupchan alifariki mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 54. Hakuona mwisho wa kazi yake, na kama angeuona katika miaka iliyofuata angevunjika moyo. Maitansini ilipopewa wagonjwa, kuanzia katikati ya miaka ya 1970, iliwaumiza: kutapika, kuharisha, ini kuathirika, ganzi na udhaifu wa mikono na miguu. Uvimbe wa wagonjwa wengi haukupungua kiasi cha kuhalalisha mateso hayo. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 majaribio yalikuwa yamesimama. Kwa mhasibu yeyote, fedha zilikuwa zimepotea na miti ya Kwale ilikatwa bure.

Lakini si wote walioiacha kemikali hiyo. Nchini Japani, watafiti wa kampuni ya Takeda walitangaza mwaka 1977 kwamba wamepata kemikali zinazofanana sana na maitansini ndani ya bakteria mmoja aliyetoka kwenye jani la nyasi. Ugunduzi huo ulimaanisha kwamba hakuna haja tena ya kukata mti wowote. Bakteria anaweza kufugwa katika matangi na kuzalisha kemikali hiyo kwa wingi. Baadaye watafiti wengine walikusanya ushahidi kwamba hata katika miti ya jamii hiyo huenda mtengenezaji halisi ni vijidudu wanaoishi ndani ya mizizi yake au kando yake.

Wakati huohuo, huko Los Angeles, daktari na mtafiti Dennis Slamon wa Chuo Kikuu cha California alikuwa anachunguza jambo lililoonekana halihusiani kabisa na miti. Mwaka 1987 yeye na wenzake walionyesha kwamba katika baadhi ya saratani za matiti, ambazo leo hukadiriwa kuwa takriban moja kati ya tano, seli huwa na nakala nyingi mno za jeni inayoitwa HER2, na kwamba wanawake wenye saratani ya aina hiyo hurudiwa na ugonjwa haraka. Protini ya jeni hiyo hutokeza nje ya seli. Ikatengenezwa kingamwili ya kuikamata. Ndiyo Herceptin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998.

Kisha yakaja mawazo ya kuunganisha maitansini na kingamwili. Maitansini ina nguvu kupita dawa nyingi za kemo kwa mara 100 hadi 1,000, na nguvu hiyo ndiyo iliyoifanya isifae kumwagwa katika damu ya mtu. Je, kama ingefungwa kwenye kingamwili isiyogusa seli yoyote ila ile yenye HER2? Hapo kingamwili huwa kama hamali anayejua mlango mmoja tu wa kushushia mzigo. Akifika, seli humvuta ndani pamoja na mzigo wake, kamba hukatika, na sumu hutoka ikiwa tayari iko ndani ya nyumba ya adui. Maitansini hushika protini iitwayo tubulini, ambayo seli huitumia kujenga nyuzi za kugawanyika. Nyuzi zisipojengwa seli haigawanyiki, na hatimaye hufa.

Kuieleza ni rahisi. Kuitengeneza kuliwachukua wakemia wa kampuni ya ImmunoGen ya Massachusetts, wakiongozwa na Ravi Chari, zaidi ya miaka 20. Kamba ikiwa dhaifu mzigo huanguka njiani na mgonjwa huumia kama zamani. Kamba ikiwa ngumu mno mzigo haushuki. Maandishi yao ya mwanzo kuhusu maitansini zilizofungwa kwenye kingamwili yalitoka mwaka 1992. Dawa yenyewe, Kadcyla, ambayo ni Herceptin iliyobeba chembe za maitansini iliyorekebishwa, iliidhinishwa Marekani Februari 2013.

Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2012, wanawake waliokuwa na saratani ya HER2 iliyosambaa na ambao dawa za awali zimeshindwa waliishi kwa wastani wa miezi 30.9 wakitumia dawa hiyo, dhidi ya miezi 25.1 kwa waliopewa matibabu ya kawaida ya wakati huo. Jaribio jingine, lililotangazwa mwishoni mwa mwaka 2018, liliwahusu wanawake waliotibiwa mapema lakini mabaki ya saratani yakakutwa wakati wa upasuaji. Kwao dawa hii ilipunguza kwa nusu hatari ya ugonjwa kurudi au kifo, ikilinganishwa na Herceptin peke yake. Mwaka 2022 ikaidhinishwa dawa nyingine ya ukoo huo kwa saratani ya ovari. Na mwaka 2023 kampuni ya AbbVie ikatangaza kuinunua ImmunoGen kwa dola za Marekani bilioni 10.1.

Kutoka tani 27 za Kwale hadi dola bilioni 10 kuna miaka 50. Msomaji wa Pwani ana haki ya kuuliza fungu letu liko wapi. Mkataba wa Kimataifa wa Bayoanuwai, uliozipa nchi mamlaka juu ya rasilimali zake za viumbe, ulipatikana mwaka 1992, na Itifaki ya Nagoya kuhusu kugawana faida ikaanza kutumika mwaka 2014. Mti wetu ulikuwa umeshakwenda zamani. Lakini mimi nadhani tukishikilia swali la mti peke yake tutakosa jambo kubwa zaidi. Mti ule, bila Kupchan na maabara yake, ungebaki mti. Kilichokosekana Kwale, Nairobi na Dar es Salaam mwaka 1972 ni mtu aliyeajiriwa kufanya kazi ile, na miaka hii zaidi ya 50 baadaye watu wa namna hiyo bado ni wachache mno miongoni mwetu.

Hebu tumtazame mmoja wa walioajiriwa hivyo kwingineko. Susan Horwitz alipomaliza shahada ya uzamivu Marekani mwaka 1963 alikuwa na watoto pacha wachanga. Alitafuta kazi ya muda usio kamili na akapata nafasi katika Chuo Kikuu cha Tufts, ambako pamoja na utafiti alifundisha famakolojia. Baadaye alihamia Chuo cha Tiba cha Albert Einstein, New York, akapanda ngazi hadi uprofesa. Mwaka 1977 Taasisi ya Saratani ilimwandikia ikimwomba aichunguze kemikali moja kutoka kwenye magome ya mti wa magharibi mwa Marekani. Magome yenyewe yalikuwa yamekusanywa tangu mwaka 1962, na wakemia Monroe Wall na Mansukh Wani walikuwa wamechora muundo wa kemikali hiyo na kuuchapisha mwaka 1971. Hakuna kampuni iliyoitamani. Ilikuwa adimu, haiyeyuki katika maji, na haikuwa wazi inafanya kazi vipi.

Horwitz na mwanafunzi wake Peter Schiff waliijaribu kwenye seli na wakaona jambo ambalo halijapata kuonekana. Dawa nyingine, maitansini ikiwamo, huzuia nyuzi za seli zisijengwe. Hii ilifanya kinyume: ilizigandisha nyuzi zisibomoke, na seli ikakwama katikati ya kugawanyika. Waliandika matokeo yao mwaka 1979. Kuanzia hapo watu wakaanza kuitilia maanani, na Desemba 1992 ikaidhinishwa kwa saratani ya ovari. Hiyo ndiyo Taksoli, na mgonjwa yeyote wa saratani ya matiti aliyepitia kemo katika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, au ya Kenyatta, Nairobi, anaweza kuwa ameipata mishipani mwake.

Ninachokiona katika maisha ya Horwitz ni jinsi mwajiri wake alivyomvumilia. Alianza kwa saa chache kwa wiki. Hakuna aliyemtaka alete dawa ndani ya mwaka mmoja. Alipewa maabara, mwanafunzi, mshahara na muda, na barua ya Taasisi ilipofika ilimkuta mezani pake.

Asije mtu akadhani kwamba kazi ya aina hii haiwezi kufanyika Afrika Mashariki. Imefanyika. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, akiwa hospitali ya Mulago, Kampala, aliona watoto waliovimba taya kwa namna asiyoizoea. Mwaka 1958 aliandika kuhusu uvimbe huo, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari na kusafiri maili 10,000 kutoka Uganda kwenda kusini, hospitali kwa hospitali, wakiuliza ni wapi ugonjwa huu upo na ni wapi haupo. Kutokana na sampuli zilizosafirishwa kutoka Kampala, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waligundua London mwaka 1964 virusi wa kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Lililofuata halisimuliwi sana, na kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Mwaka 1967 kilifunguliwa Kampala kituo cha kutibu saratani hiyo kwa dawa, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Saratani ya Marekani. Kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mkurugenzi wake wa kwanza, John Ziegler, alikuwa kijana aliyetumwa kutoka Marekani. Wodini mle, dawa zilijaribiwa moja moja kisha zikachanganywa, watoto wakafuatiliwa hadi vijijini kwao, na ikathibitika kwamba baadhi yao hupona kabisa kwa dawa bila kisu. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lasker, mojawapo ya heshima kubwa za tiba duniani, kwa mchango wao katika tiba ya saratani kwa dawa.

Mwaka huohuo hali ya Uganda ilichafuka na Wamarekani wakaondoka. Taasisi haikufungwa. Mganda Charles Olweny aliichukua na kuiongoza katika miaka migumu ya utawala wa Idi Amin, wagonjwa wakiendelea kutibiwa na matokeo yakiendelea kuandikwa. Nafasi ya kazi ilikuwapo, na mwenyeji mwenye ujuzi akaikalia.

Sasa tuje kwa tangazo la kazi la leo. Mhadhiri wa famasia katika chuo kikuu cha umma anatakiwa awe na uzamivu, machapisho, uzoefu wa kufundisha na uwezo wa kuleta ruzuku za utafiti. Akishaajiriwa hupangiwa masomo, hupewa madarasa yaliyofurika, mitihani ya kusahihisha, wanafunzi wa kusimamia na kamati za kuhudhuria. Utafiti huufanya usiku na likizo. Neno utafiti limo katika barua yake ya ajira, lakini saa za utafiti hazimo katika ratiba yake.

Ingia naye maabara kidogo. Mbele yake kuna kisahani cha plastiki chenye vishimo 96, safu 8 kwa 12, kila kishimo hakizidi ukubwa wa kitufe cha shati. Ndani yake amepanda seli za saratani ya matiti, zinazoishi katika kabati lenye joto la nyuzi 37 na hewa ya kaboni asilimia 5. Jana aliziwekea dondoo la mmea kwa vipimo tofauti, kuanzia kikali hadi hafifu. Leo anadondoshea rangi ya manjano. Baada ya saa chache, palipo na seli hai, rangi hugeuka zambarau, kwa sababu seli yenye uhai huimeng'enya. Palipo na seli zilizokufa hubaki manjano. Kisahani kizima kinakuwa na mteremko wa rangi, zambarau iliyokolea upande mmoja ikififia hadi manjano upande wa pili, na mashine huusoma mwanga unaopita na kumpa namba.

Umeme ukikatika usiku na jenereta isiwake, joto la kabati hushuka na kazi ya wiki tatu humwagwa. Seramu ya kulishia seli huja ikiwa imegandishwa, na shehena ikicheleweshwa forodhani huyeyuka na kuharibika. Haya si malalamiko ya mtu mmoja. Ndiyo hali ya kawaida ya sayansi ya seli katika nchi zetu, na kila anayeifanya anaijua.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo halitawafurahisha baadhi ya wasomi wetu. Utafiti wetu mwingi wa saratani huishia kwenye kile kisahani. Mmea unachumwa, dondoo linajaribiwa, namba inapatikana, makala inachapishwa ikisema mmea fulani unaua seli za saratani, mhadhiri anapata alama za kupandishwa cheo, na mambo yanafungwa. Kuua seli ndani ya plastiki si kitu kigumu. Chumvi nyingi huziua. Sabuni huziua. Swali la dawa ni jingine kabisa: je, kemikali hiyo moja, ikiwa safi, inaua seli ya saratani na kuiacha ya ini? Inafyonzwa tumboni? Inakaa muda gani katika damu? Figo inaifanyaje? Kila swali kati ya hayo linahitaji mtaalamu wake na miaka yake, na mfumo wetu wa kupandisha vyeo humlipa zaidi aliyechapisha visahani kumi kuliko aliyelifuata swali moja hadi mwisho.

Madhara yake hayabaki chuoni. Kichwa cha habari kinasema wanasayansi wamepata mti unaotibu saratani, muuza dawa sokoni anakikata na kukibandika ukutani, na mama mwenye uvimbe wa sentimita mbili anakunywa mizizi kwa miezi minane. Anapofika hospitali uvimbe umetoboka. Madaktari wa saratani wa Nairobi na Dar es Salaam wanasema mara kwa mara kwamba wagonjwa wao wengi huja wamechelewa, na sisi waandishi tuna sehemu yetu katika hilo.

Isitoshe, kazi ya mtafiti wa dawa za saratani si kutafuta miti tu. Kuna maswali ambayo yanatuhusu sisi moja kwa moja na ambayo hakuna mtu wa Boston atakayekuwa na haraka ya kuyajibu. Chukua dawa ya fluorourasili, inayotumika sana kwa saratani za utumbo, tumbo na umio. Saratani ya umio ni janga la ukanda wetu, kutoka Bonde la Ufa la Kenya kushuka hadi Tanzania na Malawi. Dawa hiyo husafishwa mwilini na kimeng'enya kinachotengenezwa na jeni iitwayo DPYD. Mtu mwenye hitilafu katika jeni hiyo akipewa dozi ya kawaida anaweza kuumizwa vibaya, hata kufa. Ulaya sasa wagonjwa hupimwa kabla ya kuanza dawa. Lakini vipimo hivyo vilitungwa kwa kufuata hitilafu nne zinazojulikana kwa Wazungu. Kuna hitilafu nyingine, inayoitwa Y186C, inayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika na ambayo kwa Wazungu karibu haipo. Kipimo cha kutoka Ulaya kinaweza kumwambia Mkikuyu au Msukuma kwamba yuko salama bila kuitazama kabisa.

Nani ataipima? Katika Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, wameshaonyesha njia kwa dawa nyingine. Watafiti wao, wakishirikiana na Taasisi ya Karolinska ya Sweden, walichunguza namna miili ya Watanzania inavyoisafisha efavirenzi, dawa ya kufubaza virusi vya Ukimwi, na wakaandika jinsi tofauti za jeni zinavyobadilisha kiwango cha dawa katika damu. Ujuzi upo. Ukihamishiwa saratani, mwenye ujuzi huo anahitaji nafasi ya kudumu na wodi inayomfungulia mlango.

Chukua pia suala la bei na ubora. Mwaka 2025 serikali ya Kenya na kampuni ya Roche zilitangaza kushusha bei ya Herceptin kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000 kwa kila kipindi cha matibabu, malipo yakibebwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Ni habari njema mno kwa maelfu ya familia zilizokuwa zinauza mashamba. Zaidi ya hapo, nakala za Herceptin zinatengenezwa sasa na kampuni mbalimbali, za India zikiwamo, na mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini zaidi. Kingamwili si kidonge cha maumivu. Ni protini kubwa inayotengenezwa na seli hai, inayoharibika kwa joto, na kuthibitisha kwamba nakala ni sawa na ya asili ni taaluma nzima. Nchi isiyo na wataalamu wake itabaki kuamini karatasi za muuzaji.

Fedha, najua, ndizo zitakazotajwa kwanza. Kenya ina sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013, inayotaka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Umoja wa Afrika uliahidi asilimia 1. Serikali zetu hazijafika huko. Hata hivyo mfano upo barani humuhumu wa kilichowezekana kwa kuanza na mtu mmoja aliyewekwa vizuri. Kelly Chibale, mkemia mzaliwa wa Zambia, alianzisha mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha Cape Town kituo cha H3D cha kutengeneza dawa. Hakuajiri wakemia peke yao. Aliwaweka chini ya paa moja wanaotengeneza kemikali, wanaopima sumu yake na wanaofuatilia safari yake mwilini, na ndani ya miaka michache kemikali ya malaria iliyotokana na kituo hicho, kwa kushirikiana na wengine, ikaanza kujaribiwa kwa binadamu. Ilikuwa malaria, si saratani. Lakini mashine ni zilezile, na watu ni walewale.

Kwa hiyo ningependa kuona nini kwenye gazeti, ukurasa wa matangazo ya kazi? Chuo kikuu kimoja, si lazima kiwe cha Nairobi, kikitangaza nafasi tatu kwa pamoja: mkemia wa dawa, mtaalamu wa sumu na mtaalamu wa dawa mwilini, wote wakiwa na mradi mmoja wa saratani unaotuuma, umio au shingo ya kizazi. Nusu ya saa zao ziwe za maabara, na iandikwe hivyo. Mkataba uwe wa miaka mitano angalau kabla ya kupimwa. Fedha za kemikali na za jenereta ziwe ndani ya bajeti ya nafasi yenyewe, wasiachiwe kuzunguka na bakuli. Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kiko mwendo wa saa chache kutoka Shimba Hills, na swali la vijidudu wa mizizini, kwamba wanaishije na nini kinawafanya watengeneze sumu ile, linaweza kufuatiliwa kwa udongo wa kijiko kimoja pasipo kukata mti.

Kwa kijana mwenye shahada ya famasia anayesoma haya na anayefikiria njia hii badala ya kufungua duka la dawa, nina mawili matatu. Jifunze takwimu mapema, na kwa bidii ileile uliyojifunzia kemia. Makala nyingi hukataliwa hapo. Tafuta msimamizi wa uzamivu anayefuata swali moja, hata kama orodha ya machapisho yake ni fupi. Ukiitwa kwenye usaili, uliza bila haya ni saa ngapi za kufundisha kwa wiki na ni nani anayelipia majokofu. Kisha omba nakala ya sera ya chuo kuhusu hataza, uisome yote, uone imeandika nini kuhusu mgunduzi, kuhusu chuo, na kuhusu jamii ambayo mmea umetoka kwake. Vyuo vingi sasa vina sera hiyo. Kama hawana, waambie wakuandikie kifungu hicho ndani ya mkataba kabla hujatia saini.